Mahali pa Tatu

Meneja alitaka kituo kijengwe kwenye mzunguko mkubwa, pale barabara nne zinapokutana. Alitandaza ramani mezani, akaweka kikombe chake cha chai juu ya huo mzunguko, akatuambia kwamba magari elfu ishirini hupita hapo kila siku. Aliyataja kana kwamba magari yenyewe ni ya baba yake.

"Na yanayosimama ni mangapi?" nikamuuliza.

"Yanapita elfu ishirini, mama."

"Yanayopita nimeyasikia. Nauliza yanayosimama."

Basi nikamweleza, na sikumweleza kwa upole, maana upole ulipogawiwa mimi nilikuwa safarini. Gari la umeme si la petroli, la kumiminiwa dakika tano likaenda zake. Linataka saa nzima, pengine mbili, likiwa limetulia kwenye chaja. Gari linalopita halimpi mwenye kituo hata senti. Linalomlipa ni gari linalokaa. Anayetaka faida asitafute penye magari mengi, atafute penye watu waliokwama. Mtu anayesubiri majibu ya vipimo, anayeshonewa, anayechagua kitanda na mkewe, na rangi wameshindwa kukubaliana. Hao ndio wateja.

Meneja akamgeukia mume wangu kutafuta msaada. Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, anachorachora transfoma pembeni mwa karatasi.

"Msikilize tu," akasema. "Watu ni kazi yake. Yangu ni umeme."

Ndivyo tulivyogawana. Yeye alikuwa fundi umeme tangu ujana, na mimi nilikuwa naajiriwa kuhesabu magari barabarani, nimekaa kwenye kiti cha plastiki na kofia pana, kila gari nalitilia alama. Magari ya umeme yalipoanza kuonekana mjini tukaunganisha kazi. Kampuni ikitaka mahali pa kujenga kituo cha kuchajia, inatuita. Yeye anazunguka nyuma ya majengo kuangalia transfoma ina ukubwa gani, nguvu yake imeshatumika kiasi gani, na kutoka pale hadi maegesho ni mita ngapi za mtaro wa kuchimba. Mimi nakaa langoni na saa yangu siku nne. Naandika rangi ya gari, tarakimu tatu za mwisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mahali panapita ikiwa wote wawili tumesema ndiyo. Mmoja akisema hapana, tunakunja vyetu tunaondoka, na hapana ya mwenzako haijadiliwi. Kwa miaka mitano tulichagua vituo kumi na kimoja, na hakuna hata kimoja kilichofungwa. Hatukujaliwa mtoto, tukajaliwa kazi. Nilikuwa nawaambia watu hivyo huku nacheka, na nilidhani na yeye anacheka.

Meneja yule alitaka mahali patatu. Tulikuwa tumeshampatia pawili siku mume wangu aliponikuta napiga pasi mashati yake, akasimama mlangoni.

"Zima pasi kwanza," akasema.

Nikazima. Akaniambia kuna mwanamke, mwalimu wa chekechea, mjane mwenye watoto wawili, anaishi mji wa mbali, mwendo wa saa sita kwa gari. Walikuwa wamejuana mwaka mzima. Alisema sikumkosea chochote, na hiyo ndiyo iliyoniuma, kwa sababu kosa lingekuwepo ningelirekebisha. Alikuwa ametoa ahadi kwa meneja na hakutaka kuivunja.

"Nikimaliza mahali pa tatu, nahama," akasema.

Sikulia mbele yake. Niliwasha pasi tena nikamaliza mashati yote, na kola zake nikazinyoosha kuliko siku zote, ili huyo mwalimu aone anapokea mtu aliyekuwa na kwao. Tangu siku hiyo alilala kwenye kochi la sebuleni. Kila asubuhi alikunja shuka lake vizuri sana, akaliweka chini ya mto, na mgeni angeingia asingejua kitu.

Nilimpenda. Naliandika hivi hivi bila kuzunguka, maana kwa miaka kumi na saba nilizunguka. Nilimpenda kwa kumkosoa, kwa kumpokonya bisibisi na kumwonyesha ilipolegea skrubu, kwa kumwambia shati hilo haliendi na suruali hiyo. Nilijua kila kitu, na nilihakikisha anajua kwamba najua. Sasa alikuwa anaondoka, na kitu pekee kilichomweka nyumbani kwangu ni kituo kimoja ambacho hakijapatikana.

Hesabu ikanijia yenyewe. Mahali pa tatu pasipopatikana, haondoki. Na ili pasipatikane inatosha hapana moja.

Pa kwanza tulipopapima baada ya hapo palikuwa soko la samani. Maegesho mapana, kivuli, watu wanaingia wawili wawili na kutoka wamenuniana. Nilikaa siku zangu nne. Gari kwa wastani lilikaa saa moja na robo, na hapo hujahesabu wale wanaorudi kubadilisha mito. Siku ya nne mume wangu akatokea nyuma ya ghala anajifuta vumbi.

"Transfoma nzuri, mita thelathini tu," akasema. "Upande wangu ndiyo."

Nilimpa karatasi zangu. Nilikuwa nimeziandika upya usiku uliotangulia, kila saa ya kutoka nimeivuta nyuma, mpaka wastani ukawa dakika arobaini.

"Upande wangu hapana," nikasema. "Wanaondoka haraka mno."

Alizitazama zile karatasi. Akakunja futi yake ya kupimia, akaiweka mkobani, tukaondoka. Hapana ile ilinipatia siku tisa. Siku tisa za kusikia anakohoa sebuleni, za kumwona anachovya mkate kwenye chai mpaka unakatikia kikombeni, jambo ambalo nilikuwa nimemkataza miaka yote na sasa nililitazama kwa hamu.

Pa pili palikuwa jengo la washonaji, ghorofa tatu za cherehani. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ana chumba chake ghorofa ya pili. Hapo niliandika dakika thelathini na tano. Haikupita siku mbili wifi akaniita nikajaribu gauni ambalo sikuwa nimeagiza.

"Hebu nieleze, wifi," akasema, pini zimemjaa mdomoni. "Eti wateja wetu wanakaa dakika thelathini na tano?"

"Ndivyo saa ilivyosema."

"Hiyo saa yako ina homa? Suruali moja tu mimi naipima nusu saa, na mwenyewe hapo bado anabishana na kiuno chake."

"Labda wewe ni mzito wa mkono."

"Mzito wa mkono ni mimi, mwepesi wa kalamu ni wewe." Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko cha mkononi. Akafunga mlango. "Unamfungia kaka ndani kwa kuhesabu magari?"

Nikainama kuangalia pindo la gauni.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Wewe umeambiwa kabisa, tena mpaka pasi umezimishwa, na bado hutazami."

"Ni ndugu yako. Utamtetea."

"Ningekuwa namtetea ningenyamaza. Nimemtukana mpaka simu ikazima. Lakini la kuvunda halina ubani, wifi yangu."

"Pua yangu ina mafua," nikamwambia. "Sisikii harufu."

Akacheka, kisha kicheko kikamgeukia, akanikumbatia akilia. Pini za mkononi mwake zikanichoma begani, nikavumilia. Alikuwa wifi yangu tangu akiwa na sare za shule, na sikujua kama wifi huondoka pamoja na mume au huachwa.

Jioni ile, tukiwa garini mbele ya nyumba yetu, mume wangu hakufungua mlango. Alikaa mikono kwenye usukani.

"Gari jekundu," akasema. "Tatu sifuri sita. Pale soko la samani. Umeandika limetoka saa nne na dakika kumi."

"Kama nimeandika, limetoka."

"Saa tano nilikuwa chini yake na jeki. Mwenyewe alipata pancha humo humo ndani, karibu na lango la nyuma, nikamsaidia kubadilisha tairi."

Kati ya magari mia tatu na kitu niliyoyachezea, alikuwa ameingia chini ya mojawapo. Nilitazama mbele, kwenye geti letu lililokuwa linahitaji rangi.

"Kwa hiyo umejua tangu siku ile ile?"

"Tangu siku ile ile."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakuonea huruma," akasema.

Neno hilo liliniuma kuliko mwalimu na chekechea yake yote. Ningependa angenifokea. Mtu anayekufokea bado ana neno na wewe, lakini huruma anayo hata mpita njia.

"Hujawahi kuandika tarakimu ya uongo maisha yako yote," akaendelea. "Mimi ndiye niliyekufikisha hapa."

"Dhambi zangu niachie mwenyewe," nikamwambia. "Usichukue na hizo."

Alitabasamu kidogo, kisha akasema maneno niliyoyasikia vibaya, au niliyoyasikia nilivyotaka. Alisema hatamwambia meneja. Alisema tutaendelea kutafuta, na hatanikimbiza. Lakini hataki kuniacha na nusu ya kazi. Akiondoka nitalazimika kutafuta fundi mwingine, na mafundi anawajua, watanidanganya mita za mtaro mchana kweupe. Kwa hiyo atanifundisha upande wake wote, wa umeme, mpaka niuweze.

Kati ya hayo yote mimi nilishika moja tu, kwamba tutakaa pamoja kila siku.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko miaka yetu mitano ya mwisho, na nikisema hivyo najionea aibu, lakini ni kweli. Asubuhi tulikaa meza ya chakula, anachora, nauliza. Mchana tulizunguka mitaani tukisoma vibao vya chuma vilivyopigiliwa ubavuni mwa transfoma. Alinionyesha kwamba kibao kinasema ukubwa tu, hakisemi uchovu. Ili ujue uchovu, angalia majirani. Kuna mtu wa kuchomelea vyuma? Kuna mashine ya kusaga, kuna chumba cha baridi? Muulize mlinzi taa zinafifia saa ngapi, mlinzi anajua kuliko mhandisi. Alinifundisha kwamba mita ya bei nafuu ni ile usiyoichimba.

Zamani nikimuuliza habari za nyaya alikuwa ananijibu, "Wewe hesabu magari yako." Sasa alirudia jambo mara tatu bila kukunja uso. Alisogeza kiti karibu. Siku moja alinishika mkono kunielekeza namna ya kubana kile kifaa mfano wa koleo kwenye waya ili kisome umeme unaopita, na baada ya kifaa kusoma mkono wake ukabaki juu ya wangu. Labda alisahau kuuondoa. Mimi sikusahau, nilibana ule waya mpaka vidole vikafa ganzi.

Nikaanza kupaka mafuta nywele asubuhi. Nikanunua mapazia. Nikampigia wifi simu.

"Kaka yako anarudi," nikamwambia.

Cherehani yake ikasimama. "Amerudi chumbani?"

"Bado."

"Anafanya nini sasa?"

"Ananifundisha. Kila siku, asubuhi mpaka jioni. Mtu anayeondoka ana muda huo?"

"Wifi," akasema, taratibu, kama anavyoongea na mteja aliyenenepa bila kujijua, "mtu anakukabidhi zana zake, wewe unasema anarudi?"

Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Mahali pa tatu nilipagundua mimi. Palikuwa ua mmoja wa maegesho unaotumiwa na majengo mawili. Kushoto maabara ya vipimo, kulia kituo cha masomo ya ziada. Asubuhi watu wanakuja kutolewa damu, wanaambiwa wasubiri majibu, wanasubiri. Saa tisa mchana wanapungua, na saa kumi wanaanza kuingia wazazi na watoto wao wa hesabu na fizikia. Watoto wanakaa darasani kwa muda wa saa mbili, na wazazi hawaendi popote, wanalaza viti vya magari na kufumba macho. Ni magari mapya, ya watu wenye nafasi. Kwa siku nne niliona ya umeme tisa, na dereva wa mojawapo akaniuliza kama najua mahali pa kuchaji karibu.

Safari hii sikuchezea hata dakika. Sababu moja ni aibu. Nyingine ni kwamba sikuona haja tena, mtu aliyekuwa anarudi nimfungie mlango wa nini? Asubuhi gari lilikaa saa moja na dakika hamsini, jioni saa mbili na dakika tano. Katika miaka yangu ya kiti cha plastiki sikuwahi kuona wastani kama huo.

Siku ya nne, saa kumi na nusu, mume wangu akasimama katikati ya ua, mikono mgongoni.

"Leo mimi ni mgeni," akasema. "Sijui transfoma wala gari. Sema wewe, pande zote mbili."

Nikaanza na wangu, huo ulikuwa mteremko. Kisha tukaenda nyuma, penye transfoma. Nikasoma kibao. Akaniambia alikuwa ameipima muda mfupi uliopita na nguvu iliyotumika ni nusu.

"Kwa hiyo chaja nne zinaingia?" akauliza.

Hesabu ilikuwa nyepesi, zinaingia na nafasi inabaki. Nilifungua mdomo kusema ndiyo, kisha nikamwona anatazama pembeni, na ninamjua, akitega kitu hakutazami machoni. Nikageuka. Maabara ilikuwa kimya. Nikamfuata mlinzi wake, nikamuuliza mashine kubwa wanawasha saa ngapi. Akasema saa mbili asubuhi, zinanguruma mpaka saa sita, hata feni ya kibanda chake inazunguka kwa kujivuta. Nikarudi.

"Umepima saa za uongo," nikamwambia. "Jioni maabara imelala. Asubuhi transfoma hii inakaribia kujaa. Asubuhi ziwake chaja mbili, jioni nne. Na ndivyo zinavyotakiwa, maana wazazi ni wengi kuliko wagonjwa. Faida yenyewe iko jioni."

Angenipongeza hapo pengine ningetulia, lakini hakusema, na mimi ukimya wa mtahini sijawahi kuuweza. Kimbelembele kikanishika. Akaonyesha njia ya mtaro kwa kidole, kutoka transfoma, kuzunguka ukuta, hadi maegesho, mita ishirini na sita.

"Tisa," nikasema.

"Tisa vipi?"

Nikampeleka kwenye ukuta wa kituo cha masomo. Siku ya pili, nikiwa nimekaa langoni, nilikuwa nimeona mtunza bustani anafunua vifuniko vya zege kufukuza panya. Chini yake ulipita mfereji mkavu, wa bomba lililong'olewa zamani, unakatiza ua karibu wote. Kebo ingelazwa humo, na mita za kuchimba zingebaki tisa.

Mume wangu akapiga goti. Akainua kifuniko, akachungulia, akaweka mkono ndani kupima kina. Akacheka. Sikuwa nimemsikia anacheka tangu siku ya pasi.

"Hili mimi sikuliona," akasema. "Nimezunguka hapa siku nne, sikuliona."

Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa. Nilitaka aulize zaidi. Nilitaka aulize mpaka jua lizame.

"Kwa hiyo?" akauliza, bado amepiga goti.

"Kwa hiyo ndiyo."

"Upande gani?"

"Pande zote mbili," nikasema.

Akainuka. Akakung'uta suruali. Akaikunja futi yake taratibu, anaifuta mchanga kwa kitambaa kama kawaida yake, na alipomaliza hakuitia mkobani mwake. Aliitia mkobani mwangu.

"Basi," akasema. "Mahali pa tatu tumepapata."

Ndipo na mimi nikasikia nilichokuwa nimesema. Nilisimama pale kwenye ua, wazazi wamelala garini, mkoba umenielemea begani. Niliyedanganya soko zima la samani na ghorofa tatu za washonaji, nilishindwa kukosea swali moja. Ningeweza kusema zinaingia nne. Ningeweza kuuacha ule mfereji na panya wake. Angenisahihisha, tungerudi mezani, angechora tena, na wiki nyingine ingepita.

"Ngoja," nikasema. "Sijaangalia maji ya mvua yanaelekea wapi. Pengine hapa panatuama."

"Pana mwinamo kuelekea barabarani," akanijibu kwa upole. "Ulipima juzi. Ulinionyesha mwenyewe."

Nilikuwa nimempimia na kumwonyesha, kweli.

Alimpigia meneja simu hapo hapo, akamsifu mbele yangu. Alimwambia kuanzia sasa anipigie mimi kwa yote, umeme na watu. Njiani kurudi nyumbani aliongea kuliko siku zote, mtu aliyetua mzigo. Alisema alikuwa halali kwa kuwaza nitaishije. Alisema sasa atalala. Nilitazama dirishani machozi yakinitoka, na nadhani aliyaona, kwa sababu alipunguza mwendo, ila hakusimama.

Aliondoka kesho yake asubuhi. Mabegi mawili na viatu vya kazi kwenye mfuko. Kisanduku cha zana alikiacha chini ya meza ya chakula, kila kitu kimesafishwa, na shuka la sebuleni alilifua kabisa akalianika. Mapazia mapya hakuyataja. Alizunguka nyumba akikaza bomba la jikoni na kitasa cha mlango wa bafuni, vitu nilivyomlalamikia mwaka mzima, na mimi nikimfuata nyuma bila neno la kukosoa.

Nilimsindikiza hadi getini. Alikuwa ameshaweka mabegi garini, mkono wake uko kwenye mlango, kisha akageuka.

"Utaweza peke yako?" akauliza.

"Nitaweza."

"Kweli kabisa? Maana kama unaona bado—"

"Nimekwambia nitaweza. Wewe mwenyewe umenipima jana."

Alisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Akanitazama usoni, na mimi nikainua kidevu, kama ninavyokiinua kwa mameneja. Akaitikia kwa kichwa. Akaingia garini, akarekebisha kioo, akatoa gari taratibu, akiangalia kushoto na kulia, dereva mzuri siku zote.

Gari lilipokwisha kukata kona ndipo nikasema.

"Siwezi," nikasema. Nikasema tena, kwa sauti, nimeshika geti kwa mikono miwili, "Siwezi, siwezi peke yangu."

Aliyenisikia ni jirani wa upande wa pili, aliyekuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Akasimamisha fagio, akavuka barabara nusu, akaniuliza kama kuna kitu kizito nataka anisaidie.

Nikajifuta uso.

"Hapana, jirani," nikamwambia. "Naweza."